BATI LAKO LINA NGOZI: ITAMBUE, IPIME, ITUNZE



Tazama nyumba mbili zilizo jirani. Zote mbili zimeezekwa mwaka mmoja. Mvua zinazonyesha ni zile zile, na jua ni lile lile. Baada ya miaka michache paa la nyumba ya kwanza lina rangi ya kijivu, lakini halina tundu. Paa la nyumba ya pili limekuwa jekundu, na mvua ikinyesha mama anatafuta mabeseni ya kukinga maji sebuleni. Je, mwenye nyumba ya pili amerogwa? Hapana. Tofauti iko kwenye ngozi ya bati.

Bati ni ghali. Mkulima wa Karagwe au Kyerwa hununua bati kwa fedha za kahawa, za ndizi au za maharage, fedha alizozitolea jasho msimu mzima. Kwa hiyo si vizuri kununua bati kwa kutazama jinsi linavyong'aa tu. Somo la leo litatufundisha mambo matatu. Kwanza, ngozi ya chuma ni kitu gani. Pili, tunaipimaje. Tatu, tunaitunzaje.

1. HEWA HULA CHUMA

Hewa tunayovuta ina kitu kinachoitwa oksijeni. Oksijeni hupenda sana kuungana na metali, yaani vitu kama chuma, zinki, alumini na shaba. Metali ikiungana na oksijeni hupatikana kitu kipya. Kitu hicho kinaitwa oksidi. Kutu ni oksidi ya chuma iliyochanganyika na maji.

Oksidi huanza kwa kujitandaza juu ya metali kama utando mwembamba. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Kuna utando unaolinda, na kuna utando usiolinda.

Kutu haikilindi chuma. Kutu ina matundu madogo madogo, nayo huvimba. Ikivimba hupasuka na kubanduka kama ganda la mti mkavu. Ikishabanduka, chuma kipya kinabaki wazi. Maji na hewa vinaingia tena, kutu inaanza upya. Jembe lililoachwa shambani kwenye mvua huliwa hivyo hivyo, kidogo kidogo, mpaka liishe.

Alumini ni kinyume chake. Sufuria zetu nyingi ni za alumini. Alumini ikikutana na hewa huvaa utando wa oksidi papo hapo. Utando huo ni mwembamba ajabu. Chukua milimita moja, ile alama ndogo kabisa kwenye rula ya shule. Igawe katika vipande milioni moja. Utando wa alumini ni vipande kama 2 hadi 5 tu kati ya hivyo! Lakini umeshikamana vizuri na hauna matundu, hewa haipiti. Ndiyo maana sufuria haioti kutu nyekundu hata ikikaa mvuani.

Kwa hiyo unene peke yake hautoshi. Kutu ni nene lakini haifai. Utando wa alumini ni mwembamba lakini ni askari hodari. Jambo kubwa ni kushikamana na kuziba.

2. WAHUNZI WALIUJUA UTANDO HUU

Mambo haya si mageni kwetu. Karagwe ni nchi ya wahunzi tangu zamani. Wazungu Speke na Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861. Stanley naye alifika mwaka 1876. Aliandika habari za hazina ya mfalme, ambamo mlikuwa na vitu vingi vya chuma na shaba, pamoja na sanamu za ng'ombe na mikuki.

Mhunzi anapofua chuma chekundu, magamba meusi huanguka kando ya fuawe. Magamba hayo ni oksidi ya chuma.

Tena mhunzi hupima utando kwa macho. Akishasugua kisu mpaka king'ae, hukipasha moto polepole. Kwanza huona rangi ya manjano kama nyasi kavu. Halafu kahawia, halafu zambarau, na mwisho buluu. Hakuna mtu aliyepaka rangi pale. Ni utando wa oksidi unaozidi kuwa mnene kadiri joto linavyopanda. Mwanga ukipiga utando mwembamba hivyo, unatoa rangi, kama mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi la maji. Mhunzi akiona rangi anayoitaka anajua kisu kimefikia ugumu unaofaa, anakitoa motoni. Huko viwandani na katika maabara wataalamu nao hupima unene wa tando kwa kutumia mwanga. Vyombo vyao ni vya kisasa, lakini njia ni ile ile ya mhunzi.

3. BATI LA PAA SI BATI LA KYERWA

Hapa watu wengi huchanganya. Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili.

Kuna bati linalochimbwa Kyerwa. Hilo ni madini. Jiwe lake ni zito na mara nyingi ni jeusi au la kahawia. Jiwe hilo lenyewe ni oksidi, yaani bati lililoungana na oksijeni. Katika kila kilo 100 za jiwe safi kuna bati karibu kilo 79. Oksidi hii ni sugu mno. Mvua haiiyeyushi, na hata asidi nyingi haziiwezi. Ndiyo sababu wachimbaji huikuta kwenye mchanga wa mabonde, imekaa huko miaka maelfu bila kuoza. Ili kupata bati lenyewe, jiwe huyeyushwa katika tanuri pamoja na makaa. Makaa hunyang'anya oksijeni, bati linabaki.

Oksidi ya bati ina kazi nyingine pia. Ikipakwa kwenye kioo kama utando mwembamba, kioo kinaendelea kuonyesha, na wakati huo huo kinapitisha umeme. Vioo vingi vya simu za kugusa kwa kidole hupakwa utando wa oksidi ya metali iitwayo indi, iliyochanganywa na oksidi ya bati. Kwa hiyo ukigusa kioo cha simu yako, huenda unagusa ndugu wa jiwe la Kyerwa.

Lakini "bati" la kuezekea nyumba si hilo. Hilo ni chuma cha pua kilichopakwa zinki. Mwingereza Henry Robinson Palmer alipata hati ya uvumbuzi wa karatasi za chuma zenye migongo mwaka 1829. Chuma hicho kilikuwa kikiota kutu upesi. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hati ya njia ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyuka. Bati la paa likazaliwa.

4. ZINKI HULINDAJE?

Zinki hulinda kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kufunika. Zinki mpya hung'aa. Ikikaa nje, huvaa utando wa oksidi. Utando huo ukipata maji na hewa ya ukaa hukaza, ukawa wa kijivu. Basi bati lako likififia na kuwa kijivu usisikitike. Limevaa koti lake.

Njia ya pili ni kujitoa mhanga. Msumari ukikwaruza bati, chuma kinabaki wazi. Lakini zinki iliyo kando ya mkwaruzo hukubali kuliwa kwanza, ili chuma kipone. Chuma kitaanza kuota kutu sana pale zinki ya jirani itakapokwisha.

Kwa hiyo maisha ya bati ni maisha ya zinki yake. Mvua huondoa zinki kidogo kidogo kila mwaka. Mahali pamoja, zinki ikiwa mara mbili, bati hudumu karibu mara mbili.

Siku hizi yako pia mabati yaliyopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki. Katika aina inayojulikana sana, alumini ni kama asilimia 55. Hapo utando wa alumini na kujitoa mhanga kwa zinki vinafanya kazi pamoja.

5. JINSI YA KUPIMA

Sasa tufike dukani. Wengine husema, "Ah, bati ni bati tu." Msikilize mama huyu anavyouliza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama, karibu. Mabati haya hapa, geji 30. Mazuri sana."

"Ahsante. Geji nimeisikia. Je, zinki yake ni gramu ngapi?"

"Zinki? Mama, watu hawaulizi hilo."

"Mimi nauliza, mzee wangu. Naomba nisome maandishi yaliyo kwenye bati."

Mama huyu amefanya vizuri, na heshima ameitunza. Kisomo kimemsaidia. Nasi tufuate hatua hizi.

(a) Soma. Geji ni unene wa mwili wa bati. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, nayo 30 ni nene kuliko 32. Lakini geji haikuambii habari za ngozi. Ngozi huandikwa kwa herufi Z au AZ na namba. Z100 maana yake ni gramu 100 za zinki kwa kila mita moja ya mraba, pande zote mbili pamoja. Z275 ni gramu 275. AZ ni ule mchanganyiko wa alumini na zinki. Kwa Z275, zinki ya kila upande ina unene wa karibu sehemu 20 kati ya 1,000 za milimita moja. Kwa Z100 ni kama sehemu 7 tu. Bati nene lenye zinki nyembamba litaota kutu mapema. Tazama pia alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975.

(b) Pima uzito. Maandishi yanaweza kudanganya, mizani haidanganyi. Chukua kamba. Ilaze juu ya bati kwa upana, ikifuata kila mgongo na kila bonde. Inyooshe, uipime. Huo ndio upana wa kweli. Tuseme ni sentimita 90, na urefu wa bati ni mita 3. Basi bati moja lina mita za mraba 2.7, na mabati 10 yana mita za mraba 27. Sasa yapime uzito yote 10 kwa pamoja, kwenye mizani kama ile ya kupimia kahawa. Kila mita ya mraba ya bati huwa na uzito huu:

Unene milimita 0.4: karibu kilo 3.1
Unene milimita 0.3: karibu kilo 2.4
Unene milimita 0.25: karibu kilo 2
Unene milimita 0.2: karibu kilo 1.6

Mabati yetu 10 yakiwa ya milimita 0.3, yatakuwa na kilo kama 65. Ukipata kilo 54, umeuziwa ya milimita 0.25. Ukipata kilo 43, umeuziwa ya milimita 0.2. Uliza kabla hujalipa.

(c) Kunja. Omba kipande kilichokatwa. Kikunje mpaka pande zigusane. Tazama nje ya mkunjo. Ngozi nzuri hukunjika pamoja na chuma. Ikibanduka kama magamba ya samaki, haikushikamana.

(d) Bati la rangi. Chora kwa wembe mistari 6 iliyosimama na mistari 6 ya kulala, iwe kama vyumba vidogo. Bandika utepe wa gundi juu yake, uukandamize, kisha uvute kwa haraka. Vyumba vingi vikibanduka, rangi hiyo haina mshiko. Wataalamu hupima hivyo hivyo.

(e) Kipimo cha mrututu. Kipimo hiki ni cha mabati ya zinki tupu, si ya AZ wala ya rangi. Kinaitwa kipimo cha Preece. Afanye mtu mzima tu. Chukua vipande viwili vya mabati unayotaka kulinganisha, uvifute mafuta. Yeyusha mrututu katika maji ndani ya chombo cha plastiki au kioo. Tumbukiza vipande vyote kwa dakika moja. Vitoe, vioshe, vifute. Palipo na zinki hutokea uchafu mweusi unaofutika. Zinki ikiisha, chuma huvaa shaba nyekundu inayong'aa, nayo haifutiki. Rudia, ukihesabu. Kipande kinachochelewa kuvaa shaba ndicho chenye zinki nyingi. Usitazame ukingo uliokatwa, maana pale chuma kiko wazi tangu mwanzo. Angalia sana: mrututu ni sumu. Chombo hicho kisirudi jikoni, na maji yake yafukiwe mbali na kisima, samaki na mifugo.

Viwandani wana kipimo kingine. Huweka bati katika sanduku lenye ukungu wa maji ya chumvi kwa saa nyingi, kisha huhesabu saa mpaka kutu itokeze. Kipimo hicho hulinganisha bati na bati. Hakisemi paa litadumu miaka mingapi kwako.

6. JINSI YA KUITUNZA NGOZI

Umenunua bati zuri. Usiliue mwenyewe.

- Usiyalundike mabati yakiwa na unyevu. Maji yakinasa kati ya bati na bati, na hewa haipiti, zinki huliwa na kuwa unga mweupe. Yasimamishe kwa kuinama, chini ya paa, juu ya magogo.
- Usiyaweke pamoja na saruji, majivu mabichi, chumvi, mbolea za dukani au mkojo wa ng'ombe. Vyote hivi hula zinki.
- Usichore alama kwa kalamu ya risasi. Tumia chaki. Ukikata, fagia vumbi lote la chuma, maana litaota kutu juu ya bati.
- Tumia misumari ya bati iliyopakwa zinki. Waya wa shaba usiguse paa.
- Fagia majani yaliyorundikana juu ya paa. Yanashika maji na kuyaozesha mabati polepole.
- Usisubiri tundu. Ukiona kutu inaanza, isugue, upake rangi ya kuzuia kutu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na jikoni je? Utando wa sufuria ya alumini huyeyuka ukipata vitu vikali. Magadi huuyeyusha, na ndimu pia. Kwa hiyo usilaze mchuzi wa nyanya au maharage ya magadi ndani ya sufuria hiyo usiku kucha. Weusi unaotokea ndani baada ya kuchemsha maji si sumu. Hakuna haja ya kuusugua kwa mchanga kila siku. Kila ukisugua, unaondoa utando pamoja na alumini kidogo, na sufuria inapungua.

Jambo la mwisho ni la afya. Usiweke lubisi, togwa, maziwa ya mgando wala maji ya ndimu katika ndoo ya bati. Uchachu huyeyusha zinki, inaingia kwenye kinywaji. Wanywaji watatapika na kuumwa tumbo. Tumia kibuyu, mtungi, chombo cha mti au plastiki safi ya chakula.

MUHTASARI

Chuma huishi kwa ngozi yake. Ngozi nzuri hushikamana na kuziba. Geji ni mwili, Z ni ngozi. Soma, pima, kunja, ndipo ulipe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kutu haikilindi chuma, lakini utando wa alumini unailinda sufuria?
2. Kuna tofauti gani kati ya bati la Kyerwa na bati la paa?
3. Duka moja linauza geji 28, Z100. Lingine geji 30, Z275. Lipi lina mwili mnene? Lipi lina ngozi nene? Ninyi mngechagua lipi, na kwa nini?
4. Mabati 10 yana urefu wa mita 2 na upana wa kamba wa sentimita 90. Uzito wake ni kilo 36. Kila mita ya mraba ina kilo ngapi? Unene ni kiasi gani?

(Jibu la swali la 4: mita za mraba 18; kilo 2 kwa kila mita ya mraba; unene karibu milimita 0.25.)

KAZI YA NYUMBANI: Zunguka nyumba yako. Andika katika daftari mahali pote palipoanza kutu, na sababu yake unayoidhani. Lete daftari kwenye kikundi, mjadiliane.